Maandishi ya Gunia na Nafaka Iliyomo: Kupima Ubora wa Sauti ya Mtandaoni Kabla ya Kuirekodi

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo limekuwa la kawaida tangu simu janja zilipoenea mijini na vijijini, nalo ni kurekodi sauti kutoka mtandaoni: wimbo wa kwaya, ngoma ya asili, hotuba, mawaidha, au kipindi cha redio kinachorushwa mubashara. Swali linaloongoza mazungumzo haya ni moja, na litarudiwa ili likae vizuri masikioni. Je, mtu anawezaje kujua ubora wa kweli wa sauti inayotoka mtandaoni kabla hajairekodi na kuiweka akiba?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Anayerekodi ngoma ya Kigogo leo huenda asitambue kwamba nakala yake ndiyo itakayobaki siku ambayo matangazo hayo yatazimwa, au siku ambayo mzee aliyeimba hatakuwapo tena. Kinachowekwa ghalani wakati wa mavuno ndicho kitakacholiwa wakati wa njaa, na aliyeweka pumba hatakuta mahindi.

Kwa wakazi wa Kizota mfano uko mlangoni. Katika kata hiyo, upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, kwenye njia ya kwenda Singida, yako maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na popote panapofanyika kazi ya kupokea nafaka inajulikana kwamba gunia halipokelewi kwa kusoma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake tu. Gunia hupandishwa kwenye mizani, kisha mkaguzi hushika bambo, yaani kile chuma chembamba chenye ncha na uwazi ndani, akalichoma gunia, na punje zinazotiririka kiganjani ndizo zinazomweleza kama mahindi ni makavu, kama yamebunguliwa, na kama katikati ya gunia kuna kitu tofauti na kilichowekwa juu. Hapo pana vitendo vitatu: kusoma maandishi, kupima uzito, na kuchoma bambo. Sauti ya mtandaoni nayo hukaguliwa kwa vitendo hivyo hivyo vitatu, na anayeiruka hatua mojawapo asishangae akigundua baadaye kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kuingia katika vitendo hivyo, ni vema maneno machache yaelezwe. Sauti ni mitetemo ya hewa, na idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa masafa, ambayo kipimo chake ni hezi. Mitetemo elfu moja kwa sekunde ni kilohezi moja. Ngoma kubwa hunguruma katika masafa ya chini, sauti ya mtu anayezungumza hukaa zaidi katikati, na mlio wa njuga au wa kayamba hupanda juu sana. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi karibu kilohezi 20, na uwezo huo hupungua umri unapoongezeka. Mkondo wa sauti, kwa maana inayotumika hapa, ni sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu na kutiririshwa kupitia intaneti kidogo kidogo, ikisikika papo hapo bila kusubiri faili zima lipakuliwe.

Sasa, kwa nini mkondo mmoja usikike vizuri na mwingine usikike kama unatoka ndani ya debe? Sababu kubwa ni kubanwa. Sauti ya diski ya CD, iliyohifadhiwa bila kupunguzwa, huhitaji takriban kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, ambapo biti ni tarakimu moja ndogo kabisa ya kompyuta na kilobiti ni biti elfu moja. Mzigo huo ni mkubwa kwa bando la mwananchi na ni ghali kwa kituo kinachorusha, kwa hiyo sauti hubanwa hadi kilobiti 128, au 64, au pungufu ya hapo. Njia ya kubana iliyo maarufu kuliko zote, MP3, ilikuzwa kwa sehemu kubwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na kanuni zake zikachapishwa rasmi mwaka 1993. Msingi wake ni kutupa kile ambacho sikio linadhaniwa halitakitambua: kengele ndogo ikilia sambamba na kengele kubwa, kengele hiyo ndogo huhesabiwa kuwa imefunikwa, na tarakimu zake hupunguzwa au huondolewa kabisa. Kilichoondolewa hivyo hakirudi. Nukta hii inafaa kurudiwa: kilichoondolewa wakati wa kubana hakirudi, hata faili hilo likihamishiwa baadaye katika chombo kikubwa kiasi gani. Kibaba cha mtama kikimiminwa ndani ya debe, debe halikigeuzi kuwa debe la mtama.

Kwa muziki wa uwanda wa kati wa Tanzania, hasara hiyo ina sura yake ya pekee. Msikilizaji na aifikirie ilimba, kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ubaoni hutobolewa tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando wa buibui, ili kila noti inapotoka itoke na mvumo mwembamba unaotetema, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu. Mvumo huo umetengenezwa kwa makusudi, na fundi aliyeuweka angeiona ilimba isiyo nao kuwa ni mbovu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliupeleka mlio huo katika majukwaa ya dunia, na albamu yake Chibite ya mwaka 1996 ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Sasa mashine inayobana sauti haiijui ilimba wala haimjui fundi. Ikilazimishwa kubana kupita kiasi, huanza kukata vitu vyembamba vilivyo juu, yaani mvumo wa utando, mlio wa njuga miguuni mwa wachezaji, na mkwaruzo wa upinde juu ya uzi wa zeze. Wimbo husikika bado, maneno yanaeleweka, lakini chombo kimebadilika. Mtoto atakayejifunza kwa kusikiliza nakala hiyo atajifunza ilimba isiyo na utando.

Hiyo ndiyo sababu ya kukagua. Ukaguzi wenyewe huanza na kitendo cha kwanza, kusoma maandishi ya gunia.

Karibu kila mkondo wa redio ya mtandaoni hubeba lebo, yaani maelezo mafupi yanayotumwa pamoja na sauti, yakitaja jina la kituo, aina ya kubana, na kiwango cha biti, ambacho ni idadi ya kilobiti zinazotumwa kwa sekunde. Programu ya VLC, inayopatikana bure kwa kompyuta na kwa simu, huonyesha sehemu ya maelezo hayo katika ukurasa wa taarifa za kodeki. Kodeki ni kanuni ya kubana na kufumua sauti. Msomaji wa lebo azingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu ya maelezo hayo huandikwa kwa mkono na fundi wa kituo wakati wa kuweka mitambo, na huweza kubaki vilevile hata baada ya mitambo kubadilishwa, bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. La pili ni kwamba kiwango cha biti hakilinganishwi bila kuangalia aina ya kubana, kwa kuwa kanuni mpya kama Opus, iliyoidhinishwa mwaka 2012, huweza kutoa sauti nzuri kwa kilobiti ambazo MP3 ingetoa nazo sauti hafifu. Kwa hiyo namba kubwa peke yake si ushahidi. Maandishi ya gunia ni ahadi, na ahadi hupimwa.

Hapo ndipo kinapokuja kitendo cha pili, mizani. Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kuweza kufanywa kichwani. Baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde, ukihifadhiwa kwa dakika moja, hutoa faili la kilobaiti 960, yaani karibu megabaiti moja. Msikilizaji akishike kipimo hicho kimoja tu: kilobiti 128 ni karibu megabaiti moja kwa dakika. Mkondo wa kilobiti 64 utatoa nusu yake, na wa kilobiti 320 utatoa kama megabaiti mbili na nusu. Anayekusudia kurekodi kipindi cha saa nzima achukue kwanza dakika moja ya majaribio, aihifadhi jinsi mkondo ulivyo bila kuubana upya, kisha aangalie ukubwa wa faili. Lebo ikisema 128 na faili la dakika moja likawa nusu megabaiti, mizani imekwisha kusema. Baadhi ya mikondo huongeza na kupunguza biti kulingana na ugumu wa sauti, na kwa mikondo hiyo ni busara kuchukua dakika tano na kugawanya kwa tano, ili wastani upatikane.

Je, mizani inatosha? Haitoshi. Gunia la kilo 100 linaweza kuwa na kilo 100 za mahindi, na linaweza vilevile kuwa na kilo 60 za mahindi na kilo 40 za mchanga. Katika ulimwengu wa sauti, mchanga huo huingia pale faili lililokwisha kubanwa sana linapobanwa tena kwa kiwango kikubwa. Mtangazaji hupokea wimbo uliotumwa kwa simu, umeshuka hadi kilobiti 64 au chini yake, kisha mtambo wa kituo huurusha kwa 128. Lebo itasoma 128, mizani itasoma 128, na vyote viwili vitakuwa vya kweli, ilhali muziki uliomo ni ule ule wa kilobiti 64, tena umechakazwa kidogo zaidi kwa kubanwa mara ya pili.

Kwa hiyo kitendo cha tatu hakiepukiki, nacho ni kuchoma bambo. Bambo la sauti ni picha ya masafa, yaani mchoro ambao muda huenda kutoka kushoto kwenda kulia, masafa hupanda kutoka chini kwenda juu, na mng'ao wa rangi huonyesha nguvu ya sauti mahali hapo. Programu ya Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 na inayotumika bure hadi leo, huchora picha hiyo, na iko pia programu ndogo iitwayo Spek inayofanya kazi hiyo peke yake. Mkaguzi afungue ile dakika yake moja ya majaribio, ahakikishe ngazi ya picha inafika kilohezi 20 au zaidi, kisha aangalie rangi inaishia wapi.

Picha hiyo husomwa hivi. Mahali ngoma za muheme, zile zinazopigwa na wanawake wa Kigogo, zinapodunda, patakuwa na nguzo zinazong'aa kutoka chini; mahali njuga zinapolia, rangi itapanda hadi juu kama cheche za moto. Katika MP3 ya kilobiti 128 rangi hukatwa kwa kawaida karibu na kilohezi 16, na katika ile ya 320 hufika karibu 20. Basi mkondo unaojiita 320 ukionyesha rangi iliyokatwa kwenye 16 kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa tofali, tena wimbo mzima, hapo pana sababu nzito ya kushuku kwamba gunia lilikuwa limejazwa mchanga. Redio za FM zenyewe hazipitishi muziki ulio juu ya kilohezi 15, na kwenye kilohezi 19 hutuma ishara nyembamba inayokiongoza chombo cha msikilizaji kutenganisha upande wa kulia na wa kushoto. Picha ikikatwa kwenye 15, na pengine uzi mwembamba usiokatika ukaonekana kwenye 19, mkaguzi anaweza kukisia kwamba sauti ile ilinaswa kutoka hewani kabla ya kuingizwa mtandaoni.

Hata hivyo haki itendeke, kwa maana si kila ukosefu wa masafa ya juu ni kosa. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni kituo kilichoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam na ambayo mrithi wake leo ni TBC, ilirekodi muziki wa miaka mingi katika kanda za sumaku. Katika rekodi za namna hiyo masafa ya juu hufifia taratibu kama mwanga wa machweo, na mchakacho wa kanda huonekana kama vumbi jepesi lililotanda picha nzima. Vumbi hilo ni ushahidi mzuri: likipanda na kufifia lenyewe, kanda imehamishwa kwa uaminifu, likikatwa ghafla kwa mstari ulionyooka, kisu cha kubana kimepita. Upo pia upande wa pili wa shilingi. Aina fulani ya kanuni ya kubana iitwayo AAC, iliyotengenezwa kwa ajili ya viwango vidogo vya biti, huitupa sehemu ya juu ya sauti na kuiunda upya kwa kunakili umbo la sehemu ya chini, hata picha ikaonekana imejaa ilhali njuga zinazosikika si zile zilizopigwa. Kwa sababu hiyo bambo husomwa pamoja na maandishi, na vyote viwili husomwa pamoja na sikio.

Sikio nalo lina kazi yake. Kwa kutumia hedifoni mahali patulivu, mkaguzi asikilize makofi, njuga na herufi "s" na "sh" katika maneno ya mwimbaji. Zikisikika kama mafuta yanayochemka kikaangoni, au kama maji yanayozunguka ndani ya mtungi, sauti imebanwa kupita kiasi. Asikilize pia kama kulia na kushoto kuna tofauti. Audacity humwezesha kugeuza mitetemo ya upande mmoja juu chini na kuichanganya na ya upande wa pili. Kukibaki kimya, pande zote mbili zilikuwa nakala ya kitu kimoja, na ile stirio iliyotajwa kwenye lebo ni jina tu.

Bambo lichomwe wapi na lini? Mkaguzi wa nafaka halichomi gunia mahali pamoja pekee, naye mkaguzi wa sauti afanye vivyo hivyo. Achukue sampuli wakati wa wimbo, maana mtangazaji anapozungumza hakuna mengi katika masafa ya juu na picha itamdanganya. Achukue sampuli za nyimbo kadhaa, kwa kuwa kituo kimoja huchanganya mafaili mazuri na mabovu. Achukue tena saa tofauti, kwani ipo mikondo inayojirekebisha kulingana na kasi ya intaneti: mtandao ukielemewa jioni, sauti hushushwa yenyewe hadi daraja la chini bila kumwarifu msikilizaji. Penye nafasi ya kuchagua daraja moja lisilobadilika, na lichaguliwe.

Baada ya ukaguzi, kazi ya kurekodi inabaki na kanuni moja kubwa: mkondo uhifadhiwe jinsi ulivyo, usibanwe tena, wala usirekodiwe kwa kuisogeza simu karibu na spika. Kuugeuza kuwa faili kubwa la WAV au FLAC, yaani aina za faili zisizopunguza sauti, hakuongezi ubora wowote, na kuna hatari yake, kwa kuwa atakayelipokea faili hilo baada ya miaka kumi ataliona kubwa na kudhani ni nakala ya studio. Pamoja na faili na yaandikwe maelezo machache: tarehe, kituo, aina ya kubana, kiwango kilichopimwa, na mahali masafa yalipokatwa. Haki za wenye kazi nazo zizingatiwe, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na waimbaji, na kurekodi kwa ajili ya kujifunza nyumbani hakumpi mtu ruhusa ya kuuza.

Pengine msikilizaji atauliza, kazi yote hiyo kwa ajili ya dakika chache za ngoma? Jibu lipo katika historia. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akirekodi muziki wa makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Waliorekodiwa wakati ule wengi wao hawapo, lakini milio ya vyombo vyao ingali inasomeka kwa sababu ilihifadhiwa kwa uangalifu katika chombo bora kilichopatikana wakati ule. Kijana wa Kizota mwenye simu leo anafanya kazi ile ile, ajue asijue, na anastahili kuifanya kwa uangalifu ule ule.

Kwa kufunga, mambo matatu yarudiwe. Lebo isomwe, lakini isiaminiwe peke yake. Dakika moja ipimwe: kilobiti 128 ni karibu megabaiti moja. Kisha bambo lichomwe, kwa picha na kwa sikio, mahali njuga zinapolia. Anayetaka kuanza anaweza kuanza usiku huu kwa wimbo mmoja wa ilimba: atafute ule mvumo mwembamba wa utando wa buibui, na akiukuta bado unatetema juu kabisa ya picha, aanze kurekodi.